Peponi, Afterlives, Theft: masika hii nimesoma na shangazi

Masika hii mvua imeniharibia biashara. Duka langu la vitambaa liko kwenye barabara ambayo ikinyesha saa moja tu inageuka mto, na mteja gani atavua viatu aje kununua mita mbili za bitana? Basi nimesoma. Riwaya nne, tatu za Abdulrazak Gurnah na moja ya Yvonne Adhiambo Owuor, mwandishi wa Kenya. Watu wawili watatu wameniuliza waanze na ipi, kwa hiyo naandika yaliyonikuta.

Waanze na Peponi. Ni tafsiri ya Paradise, iliyotoka 1994 na kuingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Kwa Kiswahili kaifasiri Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, Gurnah akiwa ameshapata Nobel yake ya Fasihi ya 2021. Zamani niliwahi kuijaribu kwa Kiingereza nikaishia njiani. Safari hii niliinunua Dar es Salaam, nikaimaliza kwa siku tano, halafu nikairudia yote kwa sauti kwa sababu ya shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea. Nililetwa kwake hapa Tanga nikiwa na miaka tisa, "mpaka mambo ya baba yako yakae sawa", na hayakukaa. Sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho na redio imemchosha. Nikamwambia kuna kitabu cha mtu wa Unguja, nikusomee? Akasema soma, ila usinisomee kama taarifa ya habari.

Kisa chenyewe kinaanza na Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Kuna tajiri mmoja, Aziz, ananukia manukato, ambaye kila akipita kwao hula chakula kizuri na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Yusuf anajua huyu ni ndugu yao. Siku moja anaambiwa anasafiri naye. Sikufika hata mwisho wa sura ya kwanza, shangazi akanikata: "Huyo si ndugu, huyo ni mdai." Mimi nilipoisoma peke yangu ilinichukua kurasa nyingi zaidi kuona kwamba mtoto kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Yeye alimwona kwenye sarafu.

Dukani kwa Aziz yuko Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, na huyu ndiye mtu niliyempenda kuliko wote. Anapayuka na kutania wateja kutwa, kumbe ana jambo zito moyoni. Anamtania Yusuf kwa kumwita kifa urongo. Neno hili limo hivyohivyo hata kwenye kitabu cha Kiingereza, na Mzungu anayesoma lazima afafanuliwe. Sisi tuliokulia pwani tulichezea majani ya kifaurongo njiani tukienda chuoni: unagusa, linajikunja, unasubiri lifunguke uguse tena. Nikisoma pale nilimwona Yusuf mzima. Mtoto aliyejikunja akingoja mkono uondoke.

Safari ya bara nimeipenda nusu. Mizigo, mnyapara, homa, hongo kila kijiji, mpaka wafike kwa Chatu ambaye anawageuzia kibao. Kuna kurasa humo nilizisoma nimesimama. Lakini kabla ya hapo kuna mahali panakokota. Kinachookoa ni maongezi ya barazani. Yumo Kalasinga, Singasinga fundi wa magari, anayetangaza kwamba ataifasiri Kurani kwa Kiswahili na Kiarabu hajui, na mwenye duka Hamid anavyomkabili, shangazi alicheka mpaka akaomba maji. Kwa Kiingereza sikuwahi kucheka pale. Sidhani ni kosa la Gurnah. Ubishi ule ni wa Kiswahili, na mtafsiri kaurudisha kwao.

Mwisho ulinikera, sitauficha. Sisemi kinachotokea. Nasema tu kwamba nilifunga kitabu, shangazi akauliza, "Kisha?" Nikamwambia basi, kimekwisha. "Kimekwisha vipi na mtoto yuko njiani?" Siku mbili nzima alinilaumu mimi, kana kwamba nimeruka kurasa.

Afterlives ya 2020 niliisoma kwa Kiingereza, nakala ya kuazima ambayo mwenyewe aliijaza penseli pembeni. Tanga ukisoma riwaya hii unaisoma na ya nyumbani: tumekua tukisimuliwa vita vya Novemba 1914, Waingereza na wanajeshi wao kutoka Uhindi walipotaka kuteka mji, Wajerumani wakawatimua, na nyuki wakashambulia waliowakuta. Kwenye masimulizi yetu nyuki ndio mashujaa. Gurnah anawatazama askari. Watu weusi wenye bunduki za Mjerumani walifuata nini kule? Kijana Hamza alijiandikisha mwenyewe, hakukamatwa na mtu, na afisa anayemfundisha Kijerumani anamtendea kwa namna ambayo mpaka leo sijui niite upole au nini. Mwenye kitabu kaandika pembeni "muongo". Nilitaka kumfuta, nikaacha.

Ila moyo wa kitabu kwangu ni Afiya. Kaka yake Ilyas alimfundisha kusoma na kuandika, kisha akaenda vitani upande wa Wajerumani na kumrudisha kwa watu waliomlea. Mwenye nyumba anagundua mtoto wa kike anajua kuandika, anampiga mpaka mkono unavunjika. Na kwa mkono mwingine anaandika kijikaratasi kuomba msaada. Katikati ya ukurasa wa Kiingereza, maneno yake yamo kwa Kiswahili, machache, ya mtoto. Niliweka kitabu chini nikaenda kupima kitambaa cha mteja aliyekwisha ondoka.

Sehemu ya mwisho ya riwaya hii inakimbia. Miaka inapita mbio, tunapelekwa mpaka Ujerumani kutafuta habari za Ilyas, na habari zenyewe ni nzito mno, lakini nilisoma kama mtu aliyepewa faili. Labda ndivyo alivyotaka, kwamba mtu mzima anabaki karatasi. Mimi nilikuwa bado namtaka Afiya jikoni kwake.

The Dragonfly Sea ya Owuor, ya 2019, niliiacha mara mbili. Ni kisiwa cha Pate, kule Lamu, na mwandishi anajua bahari. Maneno yanamwagika kama kapu la dagaa, mengine mazuri sana, mengine yangebaki majini. Kilichonirudisha ni mtoto Ayaana, hana baba, anamchagua Muhidin, baharia mzee, awe baba yake, bila kumuuliza mtu ruhusa. Akishapelekwa China nilipunguza mwendo. Anayependa lugha ya kutia chumvi nyingi atakifurahia kuliko mimi.

Tumebaki na Theft, ya 2025, ya kwanza ya Gurnah tangu Nobel. Hii haina vita wala misafara. Ni Unguja na Dar es Salaam za juzi tu, mahoteli na watalii, vijana watatu: Karim aliyesoma, Fauzia anayependa vitabu, na Badar, mtoto wa kijijini anayepelekwa kuwa mtumishi kwenye nyumba ya watu mjini. Mwanzoni nilichoka, unasubiri muda mrefu jambo litokee. Karim anaudhi, na nadhani ameandikwa audhi. Lakini Badar jikoni, akijifunza vitu vinakaa wapi, akijifunza kunyamaza kwa namna ya kila mtu wa nyumba ile, hayo kayaandika mtu anayejua.

Kwa shangazi nasoma hii nikitafsiri papo hapo, na Kiingereza changu ni cha kununulia bidhaa. Juma lililopita tulifika pale Badar anapotuhumiwa wizi. Kwa kawaida shangazi huingilia kila aya. Safari hii alikaa kimya, mvua inapiga bati, nikadhani kasinzia.

Nilipokuwa darasa la sita noti ilipotea juu ya kabati la shangazi. Hakuna aliyenitaja. Ila siku ya pili kabati likawa na kufuli, dogo, la shaba, na ufunguo wake ukawa unakaa kwenye pindo la kanga. Sijawahi kulizungumza kwa mtu yeyote.

"Lile kufuli," akasema, "halikuwa kwa ajili yako."

Nikamwambia najua, shangazi.

"Soma basi."

Nikaendelea. Ukurasa mzima uliofuata niliutafsiri hovyo, na hakunikosoa hata mara moja.