Kitanda cha Ubavuni cha Kichanga: Kipi Ununue na Ukifungeje

Kabla hujatazama rangi, magurudumu wala bei, chukua futi kamba upime kitanda chako mwenyewe. Vitanda vya ubavuni, yaani vile vidogo vinavyofungwa kwenye kitanda cha wazazi huku upande mmoja ukiwa umeshushwa, karibu vyote hupendeza dukani. Hatari yake hujificha pale kinapokutana na godoro lenu. Mwanya mwembamba hapo unatosha kunasa uso wa mtoto ambaye shingo yake bado haina nguvu ya kujinasua. Ndiyo maana kitanda bora ni kile kinachokaa sawasawa na kitanda mlicho nacho, na tumevipanga hapa kwa kigezo hicho.

Pima kwanza urefu kutoka sakafuni hadi juu ya godoro lenu likiwa tupu, kisha mtu mzima akiwa amelala ukingoni. Sponji laini huzama sentimita kadhaa, na vipimo vyote viwili utavihitaji. Pili, pima uvungu: miguu ya vitanda vingi vya ubavuni huingia chini ya kitanda cha wazazi, kwa hiyo kitanda chenye droo chini au kilichokaa sakafuni moja kwa moja hakina pa kuiingiza. Tatu, angalia kama mfumbati umetokeza nje ya godoro. Mbao ikitokeza sentimita tatu, tayari una mwanya wa sentimita tatu ambao hakuna mkanda utakaouziba. Hili la mfumbati ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalowafanya wengi warudishe kitanda dukani, au, vibaya zaidi, wakitumie hivyo hivyo.

Nafasi ya kwanza: kitanda cha ubavuni chenye ukingo unaobaki

Upande ukishushwa, usiishe wote. Kiwango cha Ulaya cha EN 1130, toleo la 2019, kinataka upande ulioshushwa ubakize ukingo wa angalau milimita 120 juu ya godoro la mtoto. Ukingo huo humzuia kujiviringisha kuja kwenye godoro lenu, na pia huzuia blanketi lenu kuteleza kwenda kwake. Kama lebo inaonyesha kiwango hicho, au kwa Marekani kiwango cha ASTM F2906, umeanza vizuri. Ikiwa haina kiwango chochote, rudisha mahali pake.

Tafuta miguu yenye matundu mengi ya kurekebisha urefu, mikanda miwili mipana, na kuta za neti ngumu yenye matundu madogo, chini ya milimita 6, yasiyoweza kunasa kidole wala kifungo cha nguo. Godoro liwe lake lenyewe, jembamba na gumu. Ligandamize kwa kiganja kisha uachie: linapaswa kurudi papo hapo bila alama ya mkono.

Nafasi ya pili: kitanda kidogo cha kusimama peke yake

Kina kuta nne, kinawekwa kando ya kitanda chenu bila kufungwa popote. Hakina mwanya wa kuogopa wala mkanda wa kulegea. Unachokosa ni kumfikia mtoto bila kuinuka, na kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji hilo si jambo dogo katika wiki za mwanzo. Hata hivyo, kama kitanda chenu ni cha chini sana, mfumbati umetokeza, au mnalalia godoro lililotandikwa sakafuni, hiki ndicho namba moja kwenu. Usilazimishe cha ubavuni.

Nafasi ya tatu: kitanda cha kukunja cha neti chenye ghorofa ya juu

Baadhi yake vina sehemu ya juu inayofungwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi, na mtoto akikua unaiondoa ukabaki na kitanda kikubwa. Kwa fedha, hiki hudumu muda mrefu kuliko vyote. Udhaifu wake uko kwenye vishikizo vinavyoning'iniza ile sehemu ya juu. Kishikizo kimoja kisipobana, sakafu ya kitanda huinama kuelekea pembe hiyo na mtoto huteremka taratibu hadi uso ugandamane na neti. Kagua pembe zote nne kila unapokikunjua, na usome kikomo cha uzito cha ghorofa ya juu, kwa sababu huwa kidogo kuliko cha chini.

Visivyostahili nafasi

Usikate upande mmoja wa kitanda cha kawaida cha mtoto ili ukigeuze cha ubavuni. Fremu yake ilisanifiwa ishikane kwa pande nne. Ukiondoa mmoja hulegea, na godoro huteleza nje. Viota laini vya kuweka katikati ya wazazi navyo tunavikataa, kwani kingo zake ni mito tu iliyopewa umbo jingine.

Vitanda vya mwinamo vina historia ya kusikitisha. Mwaka 2019 vitanda takriban milioni 4.7 vya Rock 'n Play viliondolewa sokoni Marekani baada ya vifo vya watoto, na sheria ya 2022 ikapiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Sababu ni ya kimwili kabisa: kichwa cha kichanga ni kizito, kwenye mwinamo kidevu huangukia kifua, na njia ya hewa hujibana. Baadhi ya vitanda vya ubavuni hukuruhusu kuinua upande wa kichwa kwa ajili ya mtoto anayecheua. Usiutumie uwezo huo. Madaktari wa watoto wanashauri hata mtoto anayecheua alazwe chali kwenye sehemu bapa.

Kukifunga

Rekebisha miguu yote kwenye tundu lilelile, hadi ukingo ulioshushwa ulingane na uso wa godoro lenu au kadiri kijitabu cha kiwanda kinavyoelekeza. Godoro lenu likiwa juu zaidi, mto na blanketi vitammwagikia mtoto. Likiwa chini sana, mtoto anaweza kuangukia kwenu. Weka pima maji juu ya godoro lake, kwa urefu na kwa upana. Mguu mmoja ukizidi tundu moja tu, mtoto atakesha akiviringikia upande wa chini.

Pitisha mikanda chini ya godoro lenu hadi mfumbati wa upande wa pili, au kwenye chaga iliyopigiliwa imara kama kijitabu kinaruhusu. Chaga inayocheza haifai, itafuata mkanda. Kaza mpaka godoro na kitanda vigusane mwanzo hadi mwisho, funga breki za magurudumu, kisha sokota ncha za mikanda na uzifiche chini ya godoro. Mkanda unaoning'inia unaweza kumzunguka shingo.

Sasa jaribu. Shika fremu ya kitanda cha mtoto uivute kwa nguvu kuelekea nje, huku mtu mzima akiwa amelala ukingoni mwa kitanda chenu. Pitisha kidole kwenye mstari wote wa mkutano. Kidole kikizama popote, fungua uanze upya. Ndani ya kitanda chenyewe, kati ya godoro la mtoto na ukuta, visipite vidole viwili.

Mwanya usiokwisha usiuzibe kwa taulo, foronya wala blanketi lililokunjwa. Nguo hugandamana mtoto akiiegemea. Mwanya hufunguka upya, na sasa una kitambaa laini puani mwake.

Ukaguzi huu wa kidole ufanye kila usiku kabla ya kumlaza. Mtu mzima akiketi ukingoni kila siku, godoro husogea na mikanda hulegea kidogo kidogo bila mtu kuona.

Usiku wenyewe

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye sehemu yake mwenyewe, kwa angalau miezi sita ya kwanza. Mlaze chali kila mara, usingizi wa mchana na wa usiku. Ndani muwe na godoro na shuka moja lenye lastiki, basi: hakuna mto, mwanasesere, kinga laini za pembeni wala godoro la kuongezea. Godoro la pili, hata liwe zuri, huinua mtoto karibu na ukingo na kuacha mianya pembeni. Kama kuna baridi, mvalishe gunia la kulalia lisilo na uzito wa ziada, na upime joto lake kwa kugusa kifua au shingo nyuma, kwani mikono hudanganya.

Chandarua kiwe kimevutwa kikakaza, kisimwangukie mtoto.

Ukimaliza kunyonyesha, mrudishe kitandani kwake. Ukihisi usingizi unakuzidi, nyonyesha kitandani, ukiwa umeondoa mito na mablanketi, kuliko kwenye sofa. Sofa ni hatari zaidi. Na ukiamka kwenda kwingine ukamwacha amelala, pandisha ule upande na uufunge.

Cha mtumba

Kubali tu kikiwa na godoro lake la asili, mikanda yote, vifungo vyote na kijitabu. Tafuta jina na namba ya modeli kwenye intaneti uone kama kiliwahi kuitwa kirudi kiwandani. Neti iliyochanika, zipu inayoruka meno au fremu iliyopinda havirekebishwi kwa gundi wala uzi.

Muda wake wa kuacha

Kijitabu kitataja umri au uzito, mara nyingi miezi 5 hadi 6 au kilo 9. Lakini mtoto hasomi kijitabu. Siku anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, au kujaribu kuketi, muda umekwisha hata kama ana miezi minne. Mhamishie kitanda chenye kuta ndefu, nafasi kati ya fito isiyozidi sentimita 6, na godoro likiwa limeshushwa. Zoezi la kumfunga kwa kitambaa, kama mnalifanya, liacheni mapema zaidi, mara tu anapoonyesha dalili za kujigeuza.