Usiuze lenzi ya kwenye boksi ukanunue hamsini

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani nina vitu vitatu: Canon 1300D yangu iliyobanduka mpira pembeni, lenzi ya 18-55 ya kwenye boksi, yaani iliyokuja pamoja na kamera (namba ni milimita: ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), ile Waingereza wanayoiita "kit" na sisi tukaifanya lenzi ya kiti ingawa haikaliwi, na hii ndogo hapa ambayo wengi mnaijua kwa jina la hamsini. Jina lake kamili ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ilitoka mwaka 2015, ina gramu 160 hivi, na kule Marekani ilianza kuuzwa dola 125. Ukiishika utadhani ni chombo cha kuchezea, maana ukitoa hiki kibati cha nyuma kinachong'ang'ania kamera, mwili wake wote ni plastiki.

Kila wiki naulizwa, "Kaka, nimepata kamera, hela imebaki kidogo, ninunue lenzi gani kwanza?" Na kabla sijafungua mdomo, muulizaji keshaongeza mwenyewe: "Nimeambiwa hamsini, nataka niuze hii 18-55 niongezee." Kununua hamsini sina neno. Hapo kwenye kuuza ndipo tunapogombana, na nina sababu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hii 18-55 mchana ni lenzi nzuri tu, acheni kuitukana. Shida yake ni giza. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Kumbuka hizi namba zinakwenda kinyumenyume, namba ikipungua tundu linapanuka. Hamsini inafunguka mpaka f/1.8, na ukipiga hesabu hiyo ni karibu mara kumi ya mwanga unaopita kwenye f/5.6.

Tazameni hizi picha mbili. Ni mdogo wangu, amekaa palepale, saa mbili usiku, taa ya dari ni moja. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, zote nimeweka 1600. Ya kushoto ni 18-55, na ili picha isiwe nyeusi kamera ilitaka kasi ya pazia ya sehemu moja ya kumi na tatu ya sekunde. Hapo mtu akipumua tu picha imeharibika, na mnaona mdomo umekuwa midomo miwili. Ya kulia ni hamsini kwa f/1.8, kasi 1/125. Hata nywele zilizotoka kwenye kitambaa zinahesabika. Kamera ni ileile, taa ileile.

Wengine watasema 18-55 yao ina herufi IS, ile ya kutuliza mtikisiko. Sawa, kwanza hakikisha kweli unayo, kwa sababu kuna toleo lisilo na hizo herufi na linauzwa sana na hizi kamera za bei ya chini. Pili, IS inatuliza mkono wako wewe mpigaji. Bibi harusi anayecheza haimtulizi.

Halafu kuna lile jambo linalowafanya vijana wote waitamani hamsini: nyuma ya mtu kunayeyuka. Matanuri, nyaya za umeme, bodaboda iliyopaki, vyote vinageuka rangi laini na uso unabaki peke yake. Kwa sensa ndogo kama ya 1300D, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, lenzi ya 50 inakuona kama vile lenzi ya 80 ingekuona kwenye kamera ya sensa kubwa, maana Canon hizi unazidisha kwa 1.6. Kwa uso wa mtu huo ni umbali mzuri sana. Unasimama mita mbili, unapata kichwa mpaka kifua, pua haivimbi, na aliyepigwa hajisikii kama anapimwa macho.

Sasa niwaeleze kisa cha Mbagala.

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa binamu yangu. Wiki moja kabla yake nilikuwa nimeuza 18-55 yangu, laki moja taslimu, nikajazia nikanunua hamsini ya mkononi. Kanisani nilitamba kweli. Mwanga hafifu, mishumaa, nguo nyeupe, nikawa napiga naonyesha, napiga naonyesha. Tumerudi nyumbani, mvua ikaanza, picha za ukoo zikahamia sebuleni. Sebule yenyewe futi kumi kwa kumi na mbili, ina makochi mawili makubwa, friji na meza ya runinga. Watu kumi na mmoja. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikichungulia, namwona shangazi na nusu ya mjomba.

Mwisho nikatoka nje nikapiga kupitia dirishani, mvua mgongoni. Nondo za dirisha zimepita kwenye paji la uso la bibi. Ile picha waliitengenezea fremu, iko ukutani hadi leo, na mjomba akipata mgeni anamwambia hapo tulikuwa tumefungwa, huyu alikuja kututembelea.

Tufanye hesabu, kwa sababu ingenisaidia kabla ya kuuza. Kundi la watu lenye upana wa mita tatu, kamera umeilaza, kwa lenzi ya 50 kwenye Canon hizi unahitaji kusimama kama mita sita na nusu hadi saba. Ile sebule urefu wake wote haufiki mita nne, na humo watu wenyewe wamechukua nafasi. Kwa 18-55 ukiiacha kwenye 18, kundi hilohilo linakaa ukiwa mita mbili na nusu hivi. Mtu mmoja amesimama, kichwa hadi miguu, kamera umeisimamisha: hamsini inataka mita nne na nusu. Studio nyingi za uswahilini hazina hizo mita nne na nusu, labda ufungue mlango upigie barazani.

Ndiyo maana nasema hamsini inaongezwa juu ya 18-55, haichukui nafasi yake. Hamsini inakupa picha za gizani na za uso, 18-55 inakupa ukumbi na ukoo.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwenye kioo kidogo cha kamera. Ukiwa na f/1.8 na umesimama mita moja, sehemu inayotoka kali ina kina cha kama sentimita tatu tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshafifia. Ukirudi mita mbili inafika kama sentimita kumi na moja, mtu mmoja anatosha. Lakini bwana na bibi harusi, mmoja kasogea mbele kidogo, mmoja atafifia, na watakuuliza kwa nini. Kwa watu wawili mimi nafunga mpaka f/2.8 au f/4. Kwa safu mbili za watu nakwenda f/5.6, na hapo, mkinisikiliza vizuri, hamsini imekuwa sawa tu na lenzi ya kwenye boksi. Mnunuzi wa mara ya kwanza huganda kwenye f/1.8 kama kalipia namba hiyo peke yake.

Kasoro zake nyingine nazitaja haraka. Haina IS, kwa hiyo kasi ikishuka chini ya 1/80 mkono uwe na nidhamu. Gizani otofokasi, yaani kamera kujitafutia ukali yenyewe, inatafutatafuta. Kwenye 1300D tumia ile nukta ya katikati, ndiyo yenye macho kuliko zote tisa. Shela jeupe likipigwa na jua kwa f/1.8 linaota ukingo wa zambarau. Halafu hii sehemu ya mbele, mnaiona, inatoka nje ikifokasi. Ukizima kamera ikiwa imetoka, inabaki imetoka, na ukiisukuma kwa kidole au ikigonga ndani ya begi unatafuta fundi. Zoea kufokasi mbali, irudi ndani, ndipo uzime. Na wanaorekodi video: injini yake ni tulivu, ila kama kamera yako ni 600D usitegemee ifuate mtu akitembea wakati unarekodi, kamera yenyewe haina uwezo huo. 700D inao.

Kuna dada aliniandikia anapika keki Tabata, anapigia picha jikoni kwake mezani, hana mpango na maharusi. Dada yangu, kwako wewe hamsini nisingeanza nayo. Haisogei karibu zaidi ya sentimita 35, na ukitaka keki nzima ya ghorofa utaishia sebuleni kwa jirani. Itafute Canon EF-S 24mm f/2.8 STM. Ni bapa kama kifuniko cha chupa ya chai, gramu 125, inasogea mpaka sentimita 16, na keki pamoja na mikono yako vyote vinaingia. Lakini nisikudanganye kuhusu mwanga. Ukilinganisha na 18-55 ikiwa kwenye 24, faida ni mara mbili tu au pungufu, si ile mara kumi. Kama mezani una dirisha kubwa, hata hiyo 24 si lazima mwaka huu. Nunua ubao mweupe wa kurudishia mwanga, weka upande wa pili wa dirisha, hela nyingine nunulia siagi.

Watu wa Nikon, sijawasahau, ila yenu ni fupi. Kamera za D3000 na D5000 na wadogo zao hazina mota ya kufokasi ndani. Ukinunua hamsini ya zamani yenye herufi AF na D mwishoni, utafokasi kwa mkono maisha yako yote. Tafuta AF-S, yenye mota ndani ya lenzi yenyewe. Na mimi ningeanza na 35mm f/1.8G ya DX, yaani ya sensa ndogo, iliyotoka 2009. Kwenye sensa yenu inakuwa kama 52, kwa hiyo sebule ya Mbagala ingekubana pia, ila si kama ilivyonibana mimi na hamsini.

Sasa sokoni. Wengi wetu tutanunua iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu mmekutana mtandaoni. Nenda na kamera yako mwenyewe na betri imejaa. Kwanza soma maandishi ya mbele. Yakiwa yameandikwa II badala ya STM, hiyo ni hamsini ya mwaka 1990, nyuma ni plastiki tupu, inapiga kelele ikifokasi, na taa za nyuma zinatoka na pembe tano. Inapiga picha, sikatai, lakini isiuzwe bei ya STM.

Kisha washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku ukichungulia mbele, tundu likiwa wazi. Vumbi kidogo lisikutishe. Unachokitafuta ni nyuzi kama za utando wa buibui au madoa yenye matawi. Hiyo ni fangasi, na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, tunaijua kwa sababu hewa yetu ina unyevu na watu wanafungia lenzi kabatini ndani ya begi la ngozi miezi sita. Ukiiona, rudisha, hata akikupunguzia nusu. Yako ukishainunua, iweke kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko, na vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye viatu vipya vilivyoandikwa usile. Usivitupe tena.

Mwisho tikisa ile pete ya mbele kidogo, isilegee. Piga picha ya gazeti au kalenda ukutani kwa f/1.8, ikuze herufi za katikati. Piga nyingine ya kitu cha mbali barabarani. Muuzaji akianza kusema ana haraka, na wewe kuwa na haraka ya kuondoka.

Na kabla hujatoa hata shilingi, kuna jaribio la bure. Chukua 18-55 yako, zungusha mpaka 50, kata kipande cha utepe wa gundi, ubandike kwenye pete isizunguke. Tembea nayo wiki nzima. Piga watu wako wa kila siku, kwenye vyumba vyako vya kila siku. Ukiona kila mara unarudi nyuma unagonga kabati, lenzi imeshakujibu. Siku ya saba bandua, bandika kwenye 24, endelea. Giza halitabadilika, lakini umbali utakuwa umeujua kwa miguu yako.

Wengi mmeuliza kama ile 18-55 niliyouza ilirudi. Hii hapa. Nilimfuata yuleyule kijana, nikamkuta anaitumia kupiga picha za pasipoti, imempa kazi nzuri tu. Ina alama yangu ya rangi ya kucha hapa kwenye pete, mnaiona? Nilimuuzia laki moja. Akanirudishia kwa laki na thelathini, na akanidai nauli ya kwenda kutafuta nyingine.