"Ndugu mteja, vitu hufa": diski nzuri, huduma ya hovyo

Diski yenyewe sina ugomvi nayo. Naliweka hili mbele mapema, maana huko chini nitachafuka roho na mtu atadhani nimeuziwa kimeo.

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa imejaa hadi ule mstari wa diski C ukawa mwekundu, kila nikihifadhi kitu inagoma. Nikanunua NVMe ya TB 2, ile diski ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), nyembamba kama kipande cha rula. Kwenye boksi hamna skrubu! Bila skrubu, ukiichomeka haikai, inainua kichwa kama jogoo anayetaka kuwika. Nikang'oa skrubu kwenye laptopu mbovu, nikaendelea. Tundu la kwanza limejificha chini ya kadi ya picha, nikaona uvivu kuing'oa kadi yote, nikachomeka la pili.

Nawasha. Diski mpya hii hapa. (Mnaolalamika kwamba TB 2 inasomeka 1.81, tulieni, hamjaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024.) Nikafurahi kama dakika moja hivi, kisha nikatafuta diski D. Haipo. Nikaingia kwenye BIOS, ile menyu inayofunguka kabla Windows haijawaka, haipo. D ndiyo diski kuukuu yenye picha zote za nyumbani, na sauti za marehemu baba alizokuwa akinitumia kwenye simu. Na ndiyo, nakala nyingine sikuwa nayo. Msinianze.

Nikawaandikia huduma kwa wateja ya walioniuzia diski mpya. Yule kijana, kama ni kijana, akajibu fasta: diski yako ya zamani imekufa, tunapendekeza ununue nyingine. Nikamwambia nusu saa iliyopita ilikuwa inafanya kazi. Nikamwambia nimeweka sikio kwenye kasha, naisikia inazunguka. Akaandika, namnukuu neno kwa neno: "Ndugu mteja, vitu hufa." Akaweka na kikatuni kinachotabasamu, akafunga mazungumzo, kisha kikatokea kidirisha kinaniomba nimpe nyota.

Usingizi haukuja usiku ule. Wala sio usiku mmoja.

Siku ya tatu au ya nne hivi nikakumbuka kijitabu cha ubao mama, kilikuwa kwenye droo chini ya risiti. Kuna jedwali, chini yake kinyota, na maandishi ya kusomea lenzi: tundu la pili la M.2 (lile nililochomeka diski mpya) likitumika, matundu ya SATA (ya waya za diski za kawaida kama D) namba 5 na 6 yanazimwa. Basi! Yanagawana njia moja ya data, mmoja akiingia mwenzake anatoka. Umeme diski ilikuwa inaupata kama kawaida, ndiyo maana niliisikia inazunguka. Waya wangu ulikuwa tundu la 5. Nikauhamishia la 2, nikawasha, D ikarudi na kila kitu chake. Nikafungua sauti moja ya baba, ile anayouliza kama nimeshakula, nikasikiliza nimesimama, bisibisi bado mkononi.

Swali moja tu lingetosha: "Waya umechomeka tundu la ngapi?" Mtu anayeuza diski za M.2 asilijue hilo kweli? Mimi ningeweza kwenda kuitupa ile diski! Sawa, kijitabu ningekisoma kwanza, robo ya kosa naibeba. Tena tuseme nusu, kwa lile la kukosa nakala. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kunizikia kitu kinachopumua.

Kasi yake sasa... jamani, naichukia kwa jinsi ilivyo nzuri. Mafaili yaliyokuwa yanahama huku nikienda kuoga na kurudi, sasa sijamaliza hata kujinyoosha. Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Natoa nne. Skrubu wangeweka ningetoa tano, na hiyo ni bila kuhesabu huduma, maana nikiihesabu tunarudi mbili.

Barua pepe yao bado ninayo, inauliza kama tatizo langu limetatuliwa, Ndiyo au Hapana. Limetatuliwa. Ila nikibofya Ndiyo, sifa zinakwenda kwa yule wa "vitu hufa", kwa hiyo nimeiacha hapo hapo.