EDGE kwa msanifu anayetaka kuhamia majengo ya kijani: naipa nyota 4 kati ya 5

Wasanifu wenzangu mnaouliza kila siku "nianzie wapi" ili mtoke kwenye kuchora maghorofa ya vioo muingie kwenye majengo yanayojali mazingira, leo naongelea EDGE, ile programu ya kompyuta ya kupima jengo linaokoa kiasi gani cha nishati, maji na materiali, ya IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia. Nimeitumia vya kutosha kuwa na la kusema. Kwanza ni bure, unafungua akaunti kwenye intaneti unaanza kazi, hakuna kuinstoo wala kuhitaji kompyuta ya maana, kinacholipiwa ni cheti cha jengo kama mteja anakitaka.

Unachagua nchi, mji na aina ya jengo (nyumba, hoteli, ofisi, hospitali, shule na kadhalika), unajaza ukubwa, idadi ya ghorofa, urefu wa kuta kwa kila upande wa dira, halafu yenyewe inakutengenezea jengo la kulinganishia, yaani lile ambalo lingejengwa hapo kimazoea tu. Baada ya hapo ni kutiki: umepunguza vioo, umeweka vizuizi vya jua kwa nje, paa linaloakisi jua, feni za darini, bomba za kuogea zinazobana maji, na asilimia zinapanda au zinagoma hapo hapo unaona. Jengo likitaka cheti linatakiwa liokoe angalau 20% ya nishati, 20% ya maji na 20% kwenye utengenezaji wa materiali. Ukifikisha 40% kwenye nishati unahesabika EDGE Advanced.

Utamu wake uko hapo kwenye kugoma. Chuo wengi wetu tulifundishwa "kijani" kwa maneno matupu, hewa ya asili, mwanga wa asili, paneli za sola juu ya paa basi umemaliza. Hapa unatiki taa za LED unaona namba imesogea kidogo, unarudi kwenye ukuta wa vioo unaotazama magharibi ukaupunguza, namba inaruka, na wewe mwenyewe unaelewa bila mtu kukuhubiria kwamba kazi kubwa ilikuwa kwenye mstari ulioupiga siku ya kwanza ya mchoro. Kwenye nchi za joto jua la mashariki na magharibi linakuja limelala, kulizuia na kibaraza kifupi haiwezekani, la kaskazini na kusini liko juu unalikinga kirahisi. Hiyo tunaijua wote. Ila kuiona kwa asilimia ndio kunakupa mdomo mbele ya mteja.

Upande wa materiali ndio ulionibadilisha zaidi. Slabu nene ya zege inakula alama mpaka unaikasirikia, na ina haki, saruji peke yake inabeba kama 7 hadi 8% ya kaboni dioksidi inayotokana na binadamu duniani, na sio kwa sababu ya mafuta ya tanuru tu, lile jiwe la chokaa lenyewe likichomwa linaachia hiyo gesi. Kwa hiyo hata tanuru ukiliwasha kwa umeme safi kabisa bado gesi inatoka. Tangu nilivyoanza kucheza na hiyo sehemu kila mhandisi akiniletea unene wa slabu namuuliza kwa nini, na wengine hawapendi.

Kitu kimoja kinawachanganya wageni: jengo lako halina AC, umeliacha lipumue kwa madirisha, halafu programu inakuhesabia umeme wa kupooza ambao haupo. Sio bagi, yaani sio kosa la programu. Wanachukulia kwamba kama ndani kuna joto la kukera, wenye nyumba siku moja watanunua AC, so wanakuhesabia mapema. Mimi nimekuja kuikubali hiyo hoja, inakulazimisha uthibitishe kwamba hewa ya asili inafanya kazi badala ya kuandika tu mishale ya bluu kwenye sekisheni (mchoro wa jengo kama limekatwa).

Sasa nyota moja nimeikata wapi. EDGE inapiga hesabu kwa wastani wa mwezi. Haitakwambia chumba cha juu saa tisa alasiri kitakuwa na joto gani, haioni vizuri ua wa katikati unaojipa kivuli wenyewe, haioni umbo, inaona urefu wa kuta na matiki. Ukikaa nayo peke yake miaka utageuka mtu wa kutiki. Shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, ile ya msanifu Francis Kéré ya 2001, uzuri wake ni paa la bati lililonyanyuliwa juu ya dari ya matofali ili hewa ya moto iondoke, sidhani kama kuna kiboksi kinachoweza kubeba wazo kama lile.

Kwa hiyo ukishaizoea nenda Climate Consultant, programu iliyotengenezwa chuo kikuu cha UCLA Marekani, nayo bure, inakusomea hali ya hewa ya mji wako saa kwa saa, kisha Ladybug Tools ndani ya Rhino (programu ya kuchora 3D), ambayo ukitaka hesabu nzito ya nishati sehemu yake ya Honeybee inakuunganisha na EnergyPlus, programu ya kukokotoa nishati ya jengo ya wizara ya nishati ya Marekani. Hapo jasho litakutoka kweli. Na wale wanaokimbilia kwanza LEED Green Associate, cheti cha mtu binafsi cha LEED, mfumo wa Marekani wa majengo ya kijani, sio mbaya, maswali 100 ndani ya masaa 2, unatakiwa upate 170 kati ya 200, na kila miaka 2 unaonyesha masaa 15 ya kujiendeleza. Inang'aa kwenye CV na utaelewa lugha ya vikao. Lakini mtihani haukufundishi kusogeza dirisha, na kama uko ofisini na bosi hataki kusikia habari za kijani, matokeo ya EDGE ya mradi ambao tayari uko mezani kwake yatamgusa kuliko cheti chako ukutani.

Ushauri wa mwisho wa kiufundi: anza na mradi uliokwisha jengwa, ambao bili zake za umeme unaweza kuziomba kwa mwenye jengo, weka namba zake humo uone zinakaribiana au la. Na soma mwongozo wa mtumiaji kabla hujatiki, kila kipengele kimeelezwa humo kinahesabiwaje na ushahidi gani unatakiwa, maana cheti cha awali kinatolewa kwenye hatua ya michoro ila cha mwisho mkaguzi anakuja kuangalia kilichojengwa.