Kuunganisha orodha mbili za wateja kwa SQLite: uzoefu wangu

Natunza oda za miche ya parachichi kwenye kitalu kimoja hapa Uyole, Mbeya. Orodha zetu ni mbili: ya wanaofika wenyewe kitaluni, na ya wanaoagizia Tukuyu. Mvua zikikaribia tunawatumia wote ujumbe waje kuchukua miche. Msimu uliopita nilibandika orodha moja chini ya nyingine nikatuma. Bibi mmoja wa Rungwe akanipigia: “Mwanangu, mmeniandikia mara mbili. Miche yangu ni mia, au imekuwa mia mbili?” Alikuwa ameshakodi gari kubwa zaidi. Iliniuma sana.

Ndipo nikahamia SQLite, programu ya kutunza data kwenye majedwali. Ni ya bure, haihitaji seva wala bando, na data yote inakaa kwenye faili moja ninalolikopi kwenye flashi kila jioni.

Amri niliyoifuata ni UNION, inayounganisha orodha mbili kuwa moja. UNION ALL inamwaga kila mstari kama ulivyo; UNION inaondoa iliyojirudia, hata iliyojirudia ndani ya orodha moja. Sharti idadi ya safu (za wima: jina, simu, kijiji) ilingane pande zote mbili. Mistari 522 ikashuka hadi 509. Nikashtuka, maana ninaowafahamu kwa sura tu wamo kotekote ni zaidi ya hao 13.

Kosa lilikuwa kwenye uandishi wetu. UNION inalinganisha mstari mzima, herufi kwa herufi. “Mama Tumaini” na “mama Tumaini” kwake ni watu wawili. Namba inayoanza na 0, na hiyohiyo ikianza na +255, ni mbili pia. Nikaliweka jina kando, nikachukua simu peke yake: nikafuta nafasi kwa replace, kisha substr(simu, -9) ikanipa tarakimu tisa za mwisho, ambazo hazibadiliki mtu aandike vyovyote. Zikabaki 447. Majina niliyarudisha baadaye kwa GROUP BY, amri inayokusanya mistari yenye namba moja kuwa kundi moja.

Kinachonikera ni kimoja: ukikosea mpangilio wa safu, haikuonyi. Upande wa Tukuyu niliweka kijiji mahali pa simu, nayo ikaunganisha kimya kimya. Sasa kabla ya kutuma napitia mistari ya juu na ya chini kwa macho.

Wiki iliyopita nimetuma tena. Bibi yule alinipigia, safari hii akiuliza tu gari lifike saa ngapi.