Il Gattopardo: mapenzi yaliyopigiwa hesabu

Nani asiyependa kijana wa ukoo mkubwa, binti mrembo na vita nyuma yao? Hicho ndicho kilichonivuta kwenye riwaya hii ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa, niliyoisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Archibald Colquhoun. Kurasa za mwanzo zilinichosha kidogo: rozari, mbwa, bustani, majina mengi. Vumilia. (Na nitafichua mambo fulani, kwa hiyo asiyetaka kujua aishie hapa.)

Tuko Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, Mei 1860. Garibaldi, jemadari anayepigania Italia iliyoungana, ametua bandari ya Marsala na watu wake wapatao elfu moja, na ufalme wa ukoo wa Bourbon unaotawala kisiwa unayumba. Don Fabrizio, Mwanamfalme wa Salina (cheo cha kikabaila, si mwana wa mfalme), kabaila anayeona raha kutazama nyota kuliko kukagua mashamba, anajua zama zake zinakwisha. Mpwa wake Tancredi, mwenye jina kubwa na mfuko mtupu kwa sababu baba yake alitapanya kila kitu, anajiunga na wapiganaji wa Garibaldi. Hoja yake ni kwamba makabaila wakitaka kubaki walipo, basi waingie wenyewe ndani ya mabadiliko.

Halafu anatokea Angelica. Baba yake, Don Calogero Sedara, ni meya wa Donnafugata, mji ambako Mwanamfalme ana jumba la kupumzikia kiangazi. Ni tajiri mpya aliyekusanya ardhi huku mabwana wakisinzia. Siku ya karamu ya kwanza huko, Don Calogero anapanda ngazi za jumba hilo amevaa koti rasmi la mkia, wakati mwenyeji wake, Mwanamfalme, hakuvaa hivyo. Habari ya koti hilo inamuuma Mwanamfalme kuliko hata ile ya Garibaldi kutua Marsala. Kisha anaona jinsi lilivyoshonwa ovyo, moyo unamtulia. Hapo nilicheka peke yangu.

Posa yenyewe ni biashara tupu. Huko baba wa binti ndiye anayetoa mali, na Don Calogero anaitaja moja moja kama anayesoma orodha ya duka: shamba la Settesoli, hekta 1,680, kisha mifuko 20 ya sarafu za dhahabu, kila mmoja sarafu 1,000. Concetta, binti wa Mwanamfalme mwenyewe, anampenda Tancredi, na baba analijua hilo. Lakini watoto wako saba. Fungu la Concetta halitamfikisha kokote kijana mwenye tamaa ya siasa. Basi anamwacha binti yake aumie. Huyu mzee nilimpenda kitabu kizima, isipokuwa hapo.

Na mahaba? Yapo, na ni matamu: Tancredi na Angelica wakikimbizana katika vyumba visivyokaliwa vya jumba la Donnafugata, wakitamaniana na kujizuia. Ila mwandishi hakuachi ufurahie. Anakwambia palepale kwamba hizo ndizo zilikuwa siku bora za maisha yao, na kwamba ndoa yao haitafanikiwa, hata kitandani. Ndivyo afanyavyo kila mahali. Katikati ya dansi ya mwaka 1862 anatazama miungu iliyochorwa darini, inayojiona ya milele, kisha anataja bomu lililotengenezwa Pittsburgh, Marekani, litakaloithibitishia vingine mwaka 1943. Wengine watachukia kuharibiwa utamu namna hiyo. Mimi ndiyo sababu sikuweza kukiweka chini. Kila busu nililisoma nikijua bei yake.

Sura ya Padri Pirrone, padri wa nyumba ya Mwanamfalme, kwenda kijijini kwao wengi huiona imechomekwa. Isome. Huko padri anasuluhisha ndoa ya mpwa wake aliyepata mimba, na ufunguo wa suluhu ni nusu ya shamba la milozi. Ni ile ile posa ya Angelica, safari hii bila hariri.

Lampedusa mwenyewe alikuwa kabaila wa Sicilia mwenye cheo hicho hicho cha mwanamfalme. Alifariki 1957 baada ya wachapishaji kumkatalia. Kitabu kikatoka 1958 na kupata Strega, tuzo ya fasihi ya Italia, mwaka uliofuata.

Ukipenda kuanza na filamu, ile ya Luchino Visconti ya 1963 inazidi saa tatu kidogo, na dansi peke yake inakula sehemu kubwa. Burt Lancaster anamvaa Mwanamfalme vizuri mno. Lakini filamu inaishia baada ya dansi hiyo, ilhali kitabu kinaendelea hadi 1910, Concetta akiwa mzee, ndipo anapoambiwa jambo moja kuhusu Tancredi lililonifanya nirudi kusoma upya ile karamu ya kwanza.