Uzoefu wangu: mafunzo ya opereta wa mashine ya karatasi

Nafanya kazi Thika, katika kiwanda kinachogeuza maboksi chakavu kuwa karatasi ya kahawia, ile inayorudi tena kuwa maboksi. Niliingia kama kibarua wa kulisha palpa, tangi linalosaga maboksi ndani ya maji yawe rojo, nikapanda hadi upande wa maji wa mashine, pale rojo inapoanza kuwa karatasi. Kiwanda kilipotangaza nafasi ya mafunzo ya opereta, wao walipe nusu ya ada na nusu nikatwe kwenye mshahara, nilikubali siku hiyo hiyo. Tangu nirudi, wenzangu wa hapa na hata jamaa mmoja wa Mufindi, Tanzania, wananiuliza kama yana faida. Yanayo, tena kubwa, lakini si kwa kila mtu na si kila somo.

Historia ya mashine ilipita haraka: Louis-Nicolas Robert na hataza yake ya mwaka 1799 kule Ufaransa, kisha ndugu Fourdrinier wa Uingereza. Ilitosha. Kilichonishika ni hesabu ya maji. Rojo inapotoka kwenye hedboksi, yaani sanduku linaloitandaza, na kumwagika juu ya wavu unaochuja maji, kwa kawaida nyuzi hazifiki hata asilimia 1. Karibu yote ni maji. Mwisho wa wavu ukavu umefika asilimia 20 hivi. Presi, yaani roli za kukamua, zinaifikisha 40 na kitu, halafu mvuke ndani ya masilinda unamalizia mpaka 92 au 93 kwenye rili, pale karatasi inapoviringishwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba presi ikikukamulia asilimia 1 zaidi, unaokoa karibu asilimia 4 ya mvuke. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia mafundi wakilalamikia feliti chafu (kitambaa kinachonyonya maji kwenye presi), na watu wa boila wakilalamikia kuni, nikidhani ni kesi mbili. Kumbe ni moja. Feliti ikiziba, presi haikamui, na boila ndiyo inayolipa deni.

Walimu walikuwa wawili: mhandisi kijana, mzuri kwa michoro na hesabu, na mzee mmoja aliyefanya kazi Webuye, magharibi mwa Kenya, enzi za kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kabla kiwanda kile hakijafungwa mwaka 2009. Kwa huyu mzee peke yake ningelipa ada yote.

Alitupeleka kwenye kiwanda kidogo kilichokubali kutupokea, akaomba tusitupe vipande vya karatasi iliyokatika. Shifti nzima tukawa tunavikusanya, tunaandika saa na mahali ilipokatikia, kisha tukavipanga mezani chini ya taa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakirudisha palpa bila kukitazama. Kipande kimoja kilikuwa na tundu, na pembeni mwa tundu doa linalonata ukilibonyeza: gundi ya utepe wa maboksi. Kingine kilikuwa na alama laini, inayopitisha mwanga, kama iliyopakwa mafuta. Hiyo ni utelezi wa bakteria uliobanduka kwenye kuta za tangi. Cha tatu hakikuwa na tundu lolote, kilichanika kuanzia ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa na unyevu kuliko katikati. Karatasi zote zilikatikia kwenye draya, sehemu ya masilinda ya kukaushia, lakini ugonjwa ulianzia kwingine: kwenye chujio, kwenye tangi, kwenye presi. Mzee alisisitiza kwamba anayeitazama draya tu kwa sababu ndipo karatasi ilipokatikia atahangaika usiku kucha.

Akatuonyesha pia kupima joto la masilinda kwa kipimo kisichogusa, moja baada ya jingine. Moja lilikuwa limepoa kuliko majirani zake ingawa mvuke ulikuwa unaingia. Maji ya mvuke uliopoa yasipopata njia ya kutoka, hujitandaza ndani ya silinda na kuzuia joto. Niliporudi kazini nilianza kupima ya kwetu kila mwanzo wa shifti. Sasa msimamizi wangu ametuundia daftari la kazi hiyo.

Sasa niseme yaliyoniuma. Usalama ulipewa alasiri moja, ya mwisho, watu wakiwa wameshafunga mabegi. Hilo halikubaliki. Mashine nyingi za huku bado zinapitishwa ncha ya karatasi kwa mkono, na pale roli mbili zinapokutana hakuna muda wa kuurudisha mkono ukishanaswa. Rojo ikilala ndani ya tangi kwa siku kadhaa inaweza kutoa gesi ya sulfidi hidrojeni, inayoua pua kwanza ili usiinuse tena, kisha inakuua wewe. Mtu anayeingia tangini kusafisha anatakiwa kujua kupima hewa, kuacha mwenzake mlangoni, na kukata umeme kwa kufuli lake mwenyewe huku ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Tulionyeshwa picha za kufuli. Hakuna aliyelishika.

Vijitabu navyo vilikuwa vya Kiingereza pekee, ingawa darasani tuliongea Kiswahili. Vijana wa palpa, wanaoyajua maboksi machafu kuliko mhandisi yeyote, walinyamaza kila yalipokuja maswali ya kuandika. Na ile programu ya kompyuta ya kujaribia iliiga mashine ya kisasa isiyofanana kabisa na zetu.

Kama umeshakaa karibu na mashine mwaka mmoja au zaidi, nenda, utaelewa kwa nini unafanya unachokifanya. Kama umetoka shule jana, tafuta kwanza kazi ya uhelpa. Kabla ya kulipa, uliza wanafundishia mashine gani na ni muda gani hasa utakuwa sakafuni. Kwa walio Kenya, uliza kama mafunzo yanatambuliwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Mwajiri wako anaichangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na anaweza kudai kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.

Kuna ngazi ya pili, ya upande wa kukausha na udhibiti wa mvuke. Nimewaandikia waandaaji wa mafunzo kwamba nitajiandikisha wakitenga siku mbili kamili za usalama, kwa makufuli halisi na tangi halisi. Nasubiri jibu lao.